Maswali na majibu: Wasiwasi na hamu ya kushika kila kitu

Wiki hii nimechagua meseji za wasiwasi tu maana zimezidi, na karibu zote shina lake ni moja, mtu anataka uhakika wa jambo ambalo hakuna binadamu anayeweza kumpa uhakika wake. Twende.

Mume wangu ni dereva wa lori, anaenda Tunduma na kurudi. Nampigia kila saa, asipopokea natetemeka hadi nashindwa kupika. Anasema namchosha. Nifanyeje? (Mama wa Tegeta)

Pole dada, hofu yako ina sababu, ajali za barabara ile tunazisikia wote. Ila hebu fikiria unampigia wakati anashuka Kitonga na mzigo, kona juu ya kona, mkono mmoja uko kwenye usukani na mwingine unatafuta simu. Simu ya kumlinda ndo hiyo inamuweka hatarini, na hapa nasema kwa ukali kwa sababu wake, wazazi na matajiri wenye malori wote mnafanya hivi, acheni kuwapigia madereva wakiwa njiani!

Halafu jiangalie akipokea: unashusha pumzi, unatulia, nusu saa haijaisha ushaanza tena. Akili yako imejifunza kwamba yuko salama kwa sababu ulipiga, kwa hiyo safari ijayo itakudai upige zaidi. Ndo maana miaka inaenda na wewe hupoi. Kubalianeni vituo, akipaki Mikumi, akipaki Makambako, akifika Tunduma, anatuma meseji yeye, hata neno moja, wewe hupigi. Akikwama kwenye foleni ya mpakani na meseji ikachelewa utaumia, ndiyo, pika hivyo hivyo mikono ikitetemeka. Yaliyo ndani ya uwezo wenu yafanyeni kweli: alale vya kutosha kabla ya kuondoka, tairi na breki zikaguliwe, na tajiri anayemlazimisha kuunganisha usiku na mchana akataliwe mapema. Yanayobaki huko barabarani huyawezi hata ukipiga mara mia.

Dawa gani inamaliza mawazo kabisa? (wengi, tena)

Hakuna. Nimeshajibu hili hapa na bado linakuja kila wiki bila hata mtu kueleza ana shida gani, umri gani, limeanza lini. Na acheni kununua diazepam, ile dawa ya kutuliza, kwenye duka la dawa kwa kujuana na muuzaji. Mwili unaizoea haraka, dozi ya mwanzo inakuwa haitoshi, na aliyeitumia kwa muda mrefu akiikata ghafla anaweza kupata degedege. Kama tayari unaimeza kila siku usiache leo peke yako, nenda kwa daktari akupunguzie taratibu. Dawa nzuri za wasiwasi zipo na zimesaidia watu wengi, lakini akuandikie aliyekupima.

Binti yangu kamaliza form four, matokeo mpaka Januari. Kila siku naingia onlaini kuangalia kama yametoka, usiku nawaza akipata ziro itakuwaje. Nikijilazimisha nisiwaze ndo yanazidi. (Baba, Morogoro)

Mzee wangu, mitihani iliisha Novemba, karatasi ziko kwa wasahihishaji, hakuna namba unayoweza kuibadilisha kwa kukesha. Na hilo la kuzidi ukijilazimisha ni kawaida kabisa. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake kule Marekani waliwaambia watu wasifikirie dubu mweupe na kila akiwajia wagonge kengele, na kengele ziligongwa. Kwa hiyo usiyafukuze, yapangie muda. Njia hii ilipendekezwa na mwanasaikolojia mwingine, Thomas Borkovec, na wenzake mwaka 1983 na washauri wanaitumia mpaka leo: chagua nusu saa kila siku, sehemu ileile, saa ileile, isiwe karibu na kulala, uwaze hayo tu na uandike. Wazo likija saa sita usiku liambie una miadi kesho saa kumi na moja jioni. Mwanzoni litagoma, we rudia.

Ndani ya hiyo nusu saa fanya kazi. Akifeli, kurisiti itagharimu kiasi gani? VETA, chuo cha ufundi cha hapo mkoani, inafundisha nini anachokipenda? Andika, funga daftari. Hukuniuliza lakini nakwambia, acha kumuuliza binti kila jioni "hesabu uliandikaje". Unamkabidhi hofu yako mtoto ambaye ana ya kwake tayari, na kuna watoto wamejidhuru msimu wa matokeo kwa kuogopa nyuso za wazazi. Mwambie leo, kabla hayajatoka, kwamba vyovyote iwavyo nyumbani ni kwao.

Nikiacha kufuatilia mambo si ndo uzembe huo? (Tanga)

Hapana. Yule mtu alimuuliza Mtume amfunge ngamia wake au amuache na kutawakali, akaambiwa mfunge kisha tawakali. Wengi wenu mnafunga vizuri sana, halafu mnakesha mnaishika ile kamba.

Nakunywa kahawa vikombe sita kwa siku na silali kwa wasiwasi, tatizo ni nini? (Dodoma)

Punguza kahawa kwanza, kidogo kidogo ili kichwa kisikuume, halafu ndo uniandikie.

Usiku roho inaenda mbio, najiskia nakufa. Nimeenda hosi mara kadhaa, ECG, kile kipimo cha moyo, iko sawa. Niende kwingine? (Nairobi)

Muulize daktari kama ulipimwa damu na tezi la shingo, maana tezi likifanya kazi kupita kiasi linaleta hali kama hiyo. Kama yote ni sawa, basi acha kuzunguka hospitali kutafuta mtu wa kukuapia kwamba hufi, hiyo ni simu ya kila saa kwa sura nyingine. Shambulio la hofu mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika kumi kisha linashuka lenyewe. Likija kaa, usihesabu mapigo, liache lipite, toa pumzi polepole. Ila maumivu mapya ya kifua yanayobana, yanayoenda mkononi, au kuzimia, hapo nenda emajensi bila kungoja.

Sina hela ya mshauri. (Kigoma)

Harare kule Zimbabwe, mtaa wa Mbare, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 waliofundishwa kukaa benchi na kusikiliza watu. Hawakuahidi mambo yatakuwa shwari. Walimsaidia mtu kuchagua tatizo moja kati ya yote, na hatua moja ya kufanya wiki hiyo. Utafiti wao uliotoka 2016 ulionyesha waliokaa pale walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Tafuta mtu mzima mmoja msiri, mmoja tu, usizunguke kumi kutafuta jibu unalolitaka. Ikizidi, hospitali ya mkoa ulizia kitengo cha afya ya akili, na msiwacheke wanaoenda.

Nilikuwa nachungulia kamera za duka kwenye simu mpaka usiku wa manane. Nimeacha wiki hii, wasiwasi umepanda badala ya kushuka. Niendelee? (Mwanza)

Endelea, hupanda kwanza ndipo hushuka. Hesabu ya mauzo na stoku fanya na kijana wako kila jioni mkiwa pamoja, kamera ifungue pale tu hesabu inapogoma. Ukishindwa usiku mmoja usianze kujilaani, kesho yake anza tena.