Kabla Hujalipia Kikapu, Uliza Kimesukwa na Nani

Kazi yangu ni kuwatafutia wateja vikapu, mikeka na lubugo (kitambaa cha gome la mti) kutoka kwa mafundi wa hapa Uganda, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni namna ya kutofautisha kazi ya asili na ya bandia. Wengi hutaka alama moja ya kuonekana kwa macho, wakiwa wamesimama dukani. Alama hizo zipo nami nitazieleza, lakini ushahidi ninaouamini zaidi ni muuzaji kuweza kukutajia, bila kubabaika, ni nani aliyeitengeneza kazi hiyo, katika kijiji gani na kwa malighafi ipi.

Nianze na lubugo, kwa kuwa ndio unaoigwa kwa urahisi na ndio unaoumiza zaidi unapoigwa. Kitambaa hiki cha Buganda hutokana na gome la ndani la mti wa mutuba. Fundi hulibandua gome wakati wa mvua, akalifunga shina kwa majani ya mgomba ili lipone na kuotesha gome jipya. Kisha huketi bandani na gome lile, akiliponda kwa nyundo za mti zenye mifereji, kuanzia zenye mifereji mipana hadi zenye mifereji myembamba, mpaka lipanuke, lilainike na kupata rangi ya udongo mwekundu. (Wateja wanaohofia kwamba lubugo unaua miti wasiwe na wasiwasi, kwani mutuba ukitunzwa huvunwa tena kwa miaka mingi.) UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa kazi bora ya urithi wa binadamu mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaingia katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Sifa ilileta wanunuzi, na wanunuzi wakawavuta waigaji.

Lubugo haufumwi, kwa hiyo hauna uzi wa kwenda wala wa kurudi. Uinue kwenye mwanga: utaona nyuzinyuzi zilizoshikamana bila mpangilio, unene usiolingana, na mistari hafifu iliyoachwa na nyundo. Vuta ukingo wake taratibu; hakuna uzi utakaochomoka. Ukikuta kiraka kilichoshonwa kwa mkono, usikihesabu kuwa kasoro, kwa sababu gome hutoboka linapopondwa na fundi huziba matundu hayo kwa sindano. Kitambaa chenye unene ule ule kila mahali, ambacho kingo zake zinafumuka, ni pamba iliyotiwa rangi ya kahawia, hata kama muuzaji anakiita lubugo.

Kwa vikapu, geuza na utazame upande wa nyuma na kitovu cha chini, mahali msukaji alipoanzia. Kikapu cha Kiganda cha kuzungushwa huwa na kiini cha nyuzi za mgomba kilichofungwa kwa mwale, yaani nyuzi za majani ya mti wa rafia, na mkono wa mtu huacha mishono inayotofautiana kidogo. Ukiwa na shaka, muombe muuzaji kipande cha uzi kilichobaki ukiwashe: plastiki huyeyuka na kuganda kama tone, ilhali mwale huungua na kuwa majivu.

Kuna udanganyifu mwingine ambao macho hayawezi kuugundua, nao ni wa kitu halisi kinachopewa asili isiyo yake. Katika masoko ya sanaa ya Kampala, likiwemo lile la Barabara ya Buganda, utakuta vinyago vya mawe laini ya Kisii. Ni kazi nzuri za mafundi wa Tabaka nchini Kenya, na hakuna ubaya wowote kuzinunua. Ubaya unaanza pale mgeni anapoambiwa kwamba zimechongwa Uganda, kwa sababu fundi wa Kenya ananyang'anywa jina lake na fundi wa Uganda ananyang'anywa soko lake kwa neno moja la uongo.

Sasa nizungumze na mafundi wenyewe. Kikundi kimoja cha akina mama ninaofanya nao kazi upande wa magharibi kilipata mnunuzi aliyeagiza mara moja tu, akapiga picha za mapambo ya vikapu vyao, na baadaye mapambo yale yale yakaonekana sokoni kwenye vikapu vya nyuzi za plastiki vilivyouzwa kwa bei ambayo hailipi hata gharama ya mwale na rangi. Tangu hapo ninawashauri wote wahifadhi sampuli ya kila pambo jipya pamoja na picha yenye tarehe, na waandike katika kila oda kwamba pambo hilo ni mali ya kikundi. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2014 inaruhusu kusajili muundo, ila ni lazima uwe mpya, kwa hiyo waende URSB, ofisi ya serikali ya usajili, kabla ya kuutangaza. Pambo la mababu haliwezi kusajiliwa kwa njia hiyo. Hapo msaada ni alama ya biashara ya kikundi chini ya sheria ya mwaka 2010, au ulinzi wa jina la mahali chini ya Sheria ya Viashiria vya Kijiografia ya mwaka 2013. Msukaji mmoja hatamudu gharama na safari za ofisini peke yake, ndiyo maana nasisitiza kikundi. Lebo nayo itaje kijiji na malighafi, na jina la msukaji liandikwe kwa ridhaa yake tu.

Kwa mnunuzi, omba risiti inayoeleza kitu chenyewe kwa maneno kamili: lubugo wa mutuba, au kikapu cha mwale na nyuzi za mgomba, pamoja na mahali kilipotengenezwa. Nimeona wauzaji waliosifia mali yao kwa dakika nyingi wakasita kuandika sentensi hiyo moja, na mbele ya muuzaji wa namna hiyo mimi huirudisha bidhaa mezani na kuondoka.