Uliza, Tukujibu: Mapambo ya Harusi na Mfuko wa Kamati

Mfungo ukiisha na masika yakikatika, kumbi hujaa na barua za harusi nazo huongezeka katika meza yetu. Safari hii tumechagua tano. Majina tumeyaacha kama wasomaji walivyoomba.

Mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu, itakayofanyika Jumamosi moja ya mwezi Septemba hapa Dar es Salaam. Tumepanga wageni 300. Ahadi zimefika shilingi milioni 24, ila zilizolipwa ni milioni 9 tu. Mpambaji ametuletea bei ya milioni 6 na anataka nusu yake sasa. Baadhi ya wajumbe wanasema tumlipe kwa kuwa mapambo ndiyo sura ya harusi, wengine wanasema tusubiri. Tufuate lipi? (Msomaji wa Tabata)

Ndugu Katibu, kwa hesabu uliyotupa, anayetaka milioni 3 kati ya milioni 9 zilizopo anataka theluthi ya mfuko wote kabla ya mpishi na mwenye ukumbi hawajapata chochote. Bajeti ya harusi hupangwa kwa fedha iliyomfikia mweka hazina. Ahadi ni jambo la heshima, lakini nyingi hulipwa katika wiki ya mwisho na baadhi yake hazilipwi kabisa, na hakuna kikao kitakachobadilisha hilo. Shikeni kwanza ukumbi, kisha chakula na vinywaji. Mpambaji apewe kishika nafasi cha kiasi kidogo ili tarehe isichukuliwe, na salio lilipwe kwa awamu zilizoandikwa.

Kabla ya hapo, mwombeni aigawanye ile milioni 6: jukwaa la maharusi kiasi gani, meza za wageni kiasi gani, mlango, njia ya kupita, taa na maua kila kimoja kwa bei yake. Bei ya jumla haina pa kukatwa. Ikishagawanywa, mtaona kwamba sehemu kubwa inategemea idadi ya meza, na idadi ya meza inategemea idadi ya wageni. Wageni 300 wakikaa kumi kumi ni meza 30. Mkishuka hadi 250 mtaondoa meza tano pamoja na vitambaa vyake, viti 50, maua ya katikati na, kubwa kuliko yote, sahani 50 za chakula. Hakuna punguzo la mpambaji yeyote litakalofikia hapo. Ziangalieni upya kadi za watu wawili wawili, kwa sababu ndizo zinazovimbisha orodha bila kamati kujua.

Fedha itakayobaki ielekezeni jukwaani, kwa kuwa karibu picha zote zitapigwa pale: keki, shampeni, zawadi, familia moja baada ya nyingine. Meza za wageni zitakuwa na sahani, chupa na mikoba muda mfupi baada ya watu kuketi, na pambo refu la katikati huwazuia wageni kuonana na kumwona mshereheshaji. Chombo kifupi, chini ya usawa wa macho ya aliyeketi, kinatosha.

Jambo linalosahaulika kuliko yote katika kumbi zetu ni njia ya katikati. Wapambaji hupenda kuipanga kwa nguzo za kioo na vyungu virefu vya maua, na maharusi wakiingia hupendeza kweli. Lakini sherehe ya kwetu hairuhusu wageni wabaki vitini. Shampeni ikifunguliwa, ukumbi mzima husimama kwenda kugonga glasi na maharusi. Na wakati wa zawadi mashangazi na wajomba hupita wakicheza, wengine wamebeba godoro kichwani. Njia nyembamba yenye nguzo za kioo haitahimili hayo. Acheni upana wa mita mbili na nusu hivi, nguzo zisimame pembeni kabisa au ziondolewe mara maharusi wakishaketi, na mtu wa kuziondoa atajwe kwa jina mapema.

Kuhusu taa, sisi tungepunguza vitambaa vya darini kabla ya kupunguza taa. Taa za zambarau, bluu na kijani zinazopendwa siku hizi huharibu sura za watu kwenye picha, hasa sura za watu weusi kama sisi, ambao ngozi zetu hupendeza chini ya mwanga wa manjano hafifu. Taa za rangi zielekezwe ukutani na nyuma ya jukwaa. Nyuso za maharusi zipate mwanga wa manjano kutoka mbele, si kutoka juu ya vichwa vyao, kwani ukitoka juu hutia kivuli machoni. Hakikisheni jenereta ya ukumbi inazimudu taa zote pamoja na muziki na viyoyozi, na mwombeni mwenye ukumbi aiwashe mbele yenu.

Hatimaye, msikubali kuonyeshwa picha za simu peke yake. Nendeni stoo kwa mpambaji mkavione vitambaa na viti vyenyewe. Meza ya duara ya watu kumi huwa na upana wa sentimita 180 na kimo cha sentimita 75 hivi, kwa hiyo kitambaa kinachofika sakafuni pande zote ni cha sentimita 330. Kikipungua hapo, miguu ya chuma itachungulia. Muulizeni pia mwenye ukumbi kutakuwa na shughuli gani Ijumaa usiku. Ikiwa kuna send-off ya watu wengine, mafundi wataingia baada ya saa sita usiku, na mapambo ya saa nyingi hayatakamilika. Saa ya kuingia, saa ya kuondoa vitu na nani atalipa kilichovunjika viwemo katika mkataba wa maandishi.

Mchumba wangu anataka zambarau na dhahabu, mama yangu anataka nyeupe na bluu, na ukumbi tuliolipia una mapazia mekundu na zulia jekundu. Tuchague rangi zipi? (Msomaji wa Morogoro)

Ukumbi umeshawachagulia. Zulia jekundu hamwezi kuliondoa, na bluu au zambarau vikiwekwa juu yake vitagombana nalo hadi usiku wa manane. Nyeupe na dhahabu vinakaa vizuri na nyekundu, na kwa bahati kila upande umepata rangi moja uliyoitaka. Zambarau iingie katika maua ya mkononi na tai za wasimamizi, bluu katika vitenge vya akina mama wa upande wenu.

Tunataka kufanyia sherehe ya kijana wetu nyumbani, uwanjani, mwezi Novemba, badala ya kukodi ukumbi. Tuna nafasi kubwa yenye nyasi na minazi. Tujiandae vipi? (Baba wa bwana harusi, Tanga)

Mzee wetu, shikamoo. Novemba ni mwezi wa vuli, kwa hiyo panga kana kwamba mvua itanyesha. Isiponyesha utakuwa umepata faida. Hema liwe na kuta za pembeni zinazoweza kushushwa, na mahema mawili yakipangwa sambamba pawekwe mfereji wa turubai katikati yake, kwa sababu hapo ndipo maji humwagika juu ya wageni. Kabla ya kuamua hema likae wapi, mwaga ndoo kadhaa za maji uwanjani uone yanakoelekea. Hema likisimamishwa kwenye bonde hata dogo, mazulia yote yatalowa kutokea chini, na hilo halina tiba siku ya shughuli.

Kwenye nyasi visigino virefu huzama na viti vyembamba huinama upande mmoja. Tandikeni zulia kutoka mahali magari yanaposimama hadi jukwaani, na chini ya jukwaa muweke mbao. Mishumaa iacheni, upepo wa bahari hautairuhusu, na karibu na vitambaa ni hatari. Vitambaa vya kuning'iniza vifungwe juu na chini. Kilichofungwa juu tu kitawapiga maharusi usoni jioni nzima.

Mapambo mengine mnayo bure. Makuti machanga ya mnazi yakisukwa na kuinamishwa yanafanya lango zuri, na migomba miwili mlangoni ni pambo ambalo mji hulinunua kwa fedha. Ikateni alfajiri ya siku yenyewe, kwa kuwa majani ya mgomba yaliyolala usiku mmoja hunyauka na kuchanika. Usisahau pia kwamba katika pwani yetu jua huzama kati ya saa 12 na saa 12:50 jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Kama maharusi watachelewa saluni, kama ilivyo desturi, picha za bustanini hazitapatikana. Mwambie mpiga picha na mpambe kuwa saa 10:30 jioni maharusi wawe wameshafika, na jenereta iwekwe mbali, upande ambao upepo hautaleta moshi wake kwa wageni.

Assalaam alaykum. Binti yangu anaolewa na tunataka sherehe ya wanawake iwe na maua halisi, asumini na waridi, si ya plastiki. Tunahofia yatanyauka kabla ya usiku. Na hina ipakwe lini? (Mama wa Unguja)

Waalaykum salaam, na shikamoo mama. Hofu yako ina msingi, lakini kila ua lina saa yake. Asumini huchumwa alasiri likiwa bado tumba, likatungwa uzini, nalo hufunguka usiku likiwa kichwani mwa bibi harusi. Lililochumwa asubuhi litakuwa limekwisha harufu. Liwekwe juu ya kitambaa chenye unyevu, ndani ya kikapu, kivulini, hadi saa ya kuvaa. Hata hivyo msilitegemee kupamba jukwaa zima, kwa kuwa ni laini mno na hesabu yake itawachosha wachumaji. Libaki katika nywele, katika sinia na katika vikuba, yaani vishada vya maua na majani ya kunukia, pamoja na mrehani, kilua na mkadi, ambako kazi yake ni harufu. Macho yapeni waridi na majani.

Waridi linalosafirishwa kutoka bara hufika na kiu. Kateni shina kwa kulaza kisu, ondoeni majani yote yatakayozama majini, kisha yasimame ndani ya ndoo kwa saa kadhaa mahali pa baridi kabla ya kupangwa. Msiyaweke chumba kimoja na ndizi mbivu wala maembe, kwani matunda yanayoiva hutoa hewa inayozeesha maua haraka. Wapangaji wanaotumia sponji ya maua nao waangaliwe: sponji huachwa juu ya maji izame yenyewe. Ikisukumwa kwa mkono ili iwahi, hewa hubaki katikati, nje ikaonekana imelowa huku mashina yakisimama pakavu, na saa tatu usiku vichwa vya maua vinainama vyote. Mkitumia mayungiyungi, ondoeni zile ncha zenye unga katikati ya ua, kwa sababu doa lake kwenye nguo nyeupe halitoki kwa urahisi. Likigusa, msisugue kwa maji bali linaseni kwa utepe wa gundi.

Hina ya asili ipakwe siku mbili kabla ya sherehe, kwa kuwa rangi yake huendelea kukolea siku ya kwanza hadi ya pili. Piko nyeusi inayochanganywa na dawa ya kutia nywele rangi ni jambo jingine: yako malengelenge yaliyoacha makovu mikononi mwa watu kwa sababu yake. Kama binti ameing'ang'ania, ijaribiwe mahali padogo siku kadhaa kabla, na ngozi ikiwasha, muachane nayo.

Tunafunga ndoa ya serikali bomani mwezi ujao na tumeshachapisha kadi. Rafiki ametuambia hatuwezi kufunga kwa tarehe tuliyoiandika. Ni kweli? (Msomaji wa Mwanza)

Inategemea kama mmeshatoa taarifa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inawataka wanaokusudia kuoana kutoa taarifa ya nia yao kwa msajili angalau siku 21 kabla ya ndoa, nayo hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Makanisani nako matangazo husomwa kwa Jumapili tatu. Nendeni bomani kesho asubuhi, mhesabu siku 21 kuanzia hapo. Kama hazitimii kabla ya tarehe ya kadi, ulizeni kama mnaweza kuomba kupunguziwa muda, na msiendelee kugawa kadi hadi mjibiwe. Andaeni pia mashahidi wawili, kwa kuwa cheti hakitasainiwa bila wao.