Ukitaka kuandika riwaya ya taharuki ya kisiasa Tanga, anza na muhtasari wa kikao

Riwaya nyingi za wananchi wanaopambana na serikali hufia pale bunduki inapotoka. Mwandishi anadhani ameongeza taharuki, kumbe ameimaliza. Mkulima wa minazi hashindani na bunduki, kwa hiyo ama afe, ama ageuke komandoo ghafla, na msomaji wa Pwani haamini lolote kati ya hayo. Dola inayovuka mipaka yake huanza na karatasi. Karatasi mwananchi anaweza kuisoma, kuipinga, kuinakili, kuificha, hata kuiiba. Riwaya yako iko hapo.

Tuchukue kisa cha kijiji cha wavuvi na wenye minazi kati ya Tanga mjini na Pangani, ambacho ardhi yake inatakiwa kwa mradi. Kijiji kibuni, na wilaya ibuni pia. Wilaya huwa na mkuu mmoja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukiitaja wilaya ya kweli umeshamtaja mtu. Mto Pangani, kivuko, mashamba ya mkonge na stendi ya Kange viache na majina yake.

Jambo la kwanza ni kujua mhusika wako amesimama juu ya ardhi ya namna gani. Mkazi wa Ngamiani au Chumbageni, Tanga mjini, ana serikali ya mtaa. Mkazi wa kijiji ana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na hiyo inabadilisha kisa chote, kwa sababu inaupa sauti mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Eneo linalotakiwa likiwa chini ya hekta 250, mkutano wenyewe ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo tu na uamuzi unakwenda kwa waziri. Itumie namba hiyo vizuri. Adui anayewaogopa wanakijiji ataomba hekta 260 hata kama anahitaji 180. Adui aliyekwisha kumnunua mtendaji wa kijiji ataomba 240, maana muhtasari wa kughushi wa mkutano huo unamtosha. Msomaji akigundua katikati ya kitabu kwa nini ombi lilipunguzwa kutoka 260 hadi 240, atasisimka kuliko kwa mlipuko wowote.

Usimfanye mwenyekiti na mtendaji kuwa kitu kimoja. Mwenyekiti wa kijiji anachaguliwa, ni mtu wa pale pale, na atazikwa pale. Mtendaji ni mwajiriwa. Ndiye katibu wa vikao, ndiye mwenye daftari la mihtasari, na anaweza kuhamishwa kwa barua moja. Barua ya uhamisho ni silaha kubwa sana katika riwaya ya namna hii: mtendaji mwaminifu anaondoka Jumatatu, mpya anafika Jumatano, na wiki ileile muhtasari "unapatikana". Kati yao kuna halmashauri ya kijiji, watu 15 hadi 25. Usiwape wote majina. Wanne wanatosha, waliobaki wawe kura.

Tukio la kugundua muhtasari wa uongo ndilo moyo wa kitabu, na hapo ndipo waandishi wengi huharakisha. Kaa nalo sura nzima. Mhusika wako, tuseme binti anayefundisha shule ya msingi, apate picha ya kurasa tatu kwenye simu na azisome polepole. Kwenye orodha ya mahudhurio kuna mzee aliyekwisha kufariki. Kuna mvuvi aliyekuwa dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, mwezi mzima. Kuna bibi asiyejua kuandika, ambaye siku zote huweka dole gumba, safari hii ana saini ya mkato iliyonyooka. Kisha saa: mkutano umeandikwa kufanyika Ijumaa saa saba mchana, wakati nusu ya kijiji iko msikitini. Aliyeghushi hakuwa mtu wa Pwani, na msomaji wako wa Tanga atalijua hilo kabla ya binti.

Huhitaji kutafuta mfano mbali. Mgogoro mkubwa kuliko yote katika mwambao huu nao ulitanguliwa na karatasi. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar alitia saini mkataba ulioipa kampuni ya Kijerumani usimamizi wa pwani kwa miaka 50, na watu wa Pangani, Tanga na Bagamoyo hawakuulizwa. Agosti mwaka huohuo kampuni ilikuja Pangani kutaka bendera yake ipandishwe, na mji ukakataa. Abushiri bin Salim aliongoza vita iliyofuata, hadi aliponyongwa Pangani Desemba 1889. Mzee mmoja wa kijiji chako anaweza kuyataja hayo mara moja, kwa sentensi mbili. Akianza kuhutubia, mkate maneno.

Uthamini nao una mambo yake ambayo mtu asiyeyajua hawezi kuyabuni. Mthamini anapita nyumba kwa nyumba, kila mwenye mali anapigwa picha mbele ya mali yake akiwa ameshika kibao chenye namba, na minazi inahesabiwa mmojammoja. Fidia haiishii kwenye bei ya ardhi na maendelezo. Kuna posho ya usumbufu, kuna posho ya makazi inayopigwa kwa kodi ya miezi 36, na kuna usafiri wa mizigo ya tani 12 ndani ya kilomita 20. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba inadaiwa. Mpe mhusika mmoja kikokotoo na jedwali la fidia, aone kwamba posho ya makazi imeondolewa kwa kijiji kizima, na usieleze zaidi.

Hapa pia umpate mtu asiye mweupe wala mweusi: mtegeshaji. Huyu amesikia fununu mapema, akapanda mikorosho na kuezeka banda usiku ili ahesabiwe. Ni mwananchi, anadhulumiwa kama wengine, lakini ujanja wake utawapa maofisa kisingizio cha kuwaita wote matapeli. Riwaya isiyo na mtu wa namna hii inageuka hotuba.

Sheria itakupa saa inayogonga, mradi uisome sawasawa. Serikali haishtakiwi leo kwa jambo la leo. Inatakiwa notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Siku 90 zinatosha kwa tingatinga kumaliza kijiji, ndiyo maana wakili wako atakimbilia zuio la muda wakati notisi ikisubiri, ambalo mawakili huliita ombi la Mareva. Kosa la kweli linaloua kesi ni dogo: Mwanasheria Mkuu ameachwa nje, pingamizi la awali linawekwa, na shauri linaondolewa bila shahidi hata mmoja kusikilizwa.

Saa nyingine ni fupi zaidi. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inamruhusu mkuu wa mkoa au wa wilaya kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa mahabusu hadi saa 48 akiona amani iko hatarini, na sababu zinatakiwa ziandikwe na zimfikie hakimu. Mkamate mhusika wako Ijumaa jioni. Mkutano wa kijiji uwe Jumapili asubuhi. Huhitaji mateso wala damu: anayeijua hoja hayupo, na waliobaki wanapaswa kuisema wenyewe.

Simu za kutumia na kutupa ziache kwenye sinema za nje. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na mhusika mwerevu anajua hivyo. Ujumbe wa siri Tanga utabebwa na mtu: mpishi wa shughuli, kondakta wa basi la Pangani, mwanafunzi wa madrasa.

Na bahari. Riwaya za Pwani huharibika hapa kuliko popote, ilhali mambo ni machache. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa sana karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku nyakati husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo ngalawa inayotoroka saa nne usiku wa giza la mwezi mwandamo itakuwa imekaa juu ya mchanga. Ukitaka giza na maji kwa pamoja saa hiyo, peleka tukio kwenye tarehe 22 hivi ya mwezi wa Kiislamu. Ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, lakini yamejaa kiasi cha kuelea, na mwezi hauchomozi mpaka karibu saa sita. Angalia na upepo: wakati wa kusi, upepo utokao kusini, safari ya kaskazini kwenda Vanga, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, ni nyepesi na ya kusini ni mateso, wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, mambo hugeuka.

Mazungumzo yaandike kwa adabu, hasa yenye vitisho. Ofisa aliyekuja kubomoa bado atasema "Shikamoo mzee wangu," na mzee ataitikia "Marahaba mwanangu," ndipo aambiwe ana siku saba za kuhama. Ubaya unaosemwa kwa heshima hutisha kuliko kelele, na mzee anayekataa kuitikia shikamoo ameshatangaza vita bila neno.

Ukimaliza rasimu, sura za vikao mpe mtendaji mstaafu na sura za bahari mpe nahodha, kila mtu zake tu, na uwalipe kwa muda wao. Usiwaulize kama ni nzuri. Waulize ni wapi wangecheka.