Nimeitwa Rwanda na huku Mbarara muhula haujaisha, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni mwalimu kutoka Bukoba, sahivi najitolea kufundisha Kiswahili sekondari moja hapa Mbarara, Uganda, mshahara sina ila chumba na chakula napewa. Sasa kuna shule ya Huye, Rwanda wananitaka, kazi ileile, wanasema nije hata wiki ijayo. Mkuu wa hapa akisikia atanuna maana S2 wangu (kidato cha pili) ndo kwanza ngeli zimeanza kuwaingia. Alafu kuna kaka mmoja anasema kibali sihitaji coz najitolea tu na sisi wote ni Afrika Mashariki, nimpe dola 200 aniunganishe. Niende au nibaki? – Mwalimu wa Kujitolea

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda, ila sio wiki ijayo.

Angalia kalenda kwanza. Uganda muhula wa tatu unafungwa mwanzoni mwa Desemba, Rwanda mwaka wao wa shule unaanza Septemba, kwa hiyo ukikimbia leo unawaacha S2 wako kabla ya mitihani na kule unaingia darasa lililoshaanza bila wewe, wakati ukivumilia mpaka Januari unaanza nao muhula wa pili, hakuna wa kununa. Na mkuu wako mwambie mapema, uso kwa uso, asije akasikia kwa walimu wenzio. Unamhitaji huyo! Bila barua yake yenye mhuri inayosema umefundisha nini na kwa muda gani, hiyo Mbarara yote itabaki stori tu ya mdomoni.

Huyo kaka wa dola 200 achana naye kabisa. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lipo tangu Julai 2010, ni kweli, mpakani Mtanzania unapita bila viza, lakini mhuri wa mgeni sio kibali cha kusimama darasani, na kujitolea ni kazi hata kama hulipwi. Alafu kibali cha Uganda hakivuki mpaka, na kimefungwa na shule iliyokuombea. Kwahiyo Huye ndo wakuandikie barua ya mwaliko wakisema utafundisha nini, utalala wapi na nani anashughulikia kibali, maombi ya Rwanda yanapita mtandaoni kwenye Irembo, tovuti ya huduma za serikali. Wakianza kuzunguka kwenye swali la kibali, jua wanataka mwalimu wa bure, wewe hawakujali. Ikiwa hivyo, mi ningebaki Mbarara.

Na usiogope kwamba kazi itakosekana, Rwanda Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017 na Uganda baraza la mawaziri lilipitisha 2022, walimu wanatafutwa kwelikweli. Ila andalio la somo la Mbarara usilibebe hivohivo. Watoto wa Huye ngeli wanazo kwenye Kinyarwanda chao, watakushangaza wanavyozishika haraka, shughuli iko kwenye kuchanganya l na r, hapo utasahihisha madaftari mpaka uchoke, kwahiyo wasomeshe kwa sauti kila siku hata dakika kumi kabla hujaanza mada.

Safari yenyewe ni ya basi tu, Kabale, mpaka wa Katuna, Kigali, alafu Huye. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, uwe nayo mkononi sio ndani ya begi, na mifuko ya plastiki iache hukohuko maana Rwanda imepigwa marufuku tangu 2008 na mpakani wanakagua kweli. Saa yako irudishe nyuma saa moja, na ukishuka kwenye basi uangalie pande zote mbili, magari kule yanapita kulia. Kingine, usipange kufika Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi, hiyo ni umuganda, watu wote wako kwenye usafi na kazi za mtaa, utakaa na begi lako stendi mpaka karibu saa sita mchana bila wa kukupokea.