Re: Nimeitwa uratibu wa chanjo wilayani, niende au nisome masters kwanza?

Dogo, umeandika "mambo ya friji nitamwachia nesi, mimi nitakuwa kwenye takwimu." Nimefika hapo nikaweka kikombe cha chai chini. Ndiyo maneno yangu ya 2011, nilipopewa wilaya moja ya kusini nikiwa na digrii mbichi na shati jipya.

Chanjo ikae nyuzi 2 hadi 8, wote tunaimba. Ila tunachoogopa ni joto tu. Mkufunzi mmoja wa semina (hoteli nzuri, kuku wa kumwaga) alituambia baridi ikizidi si neno, tuangalie VVM, ile alama ya joto kwenye kichupa. Mungu anamwona. Kile kimraba ndani ya duara hubadilika rangi kwa joto. Chanjo ikiganda hakisemi kitu. Matone ya polio hayadhuriki na barafu, labda ndipo alipochanganya. Lakini penta (ile sindano moja ya magonjwa matano), pepopunda, homa ya ini, zikiganda mara moja tu ni za kutupa.

Basi nikatoa aisipaki, zile pakiti za maji ya kugandisha za kupoza boksi, kwenye friza, ngumu kama jiwe, nikaizungushia penta ndani ya boksi, nikasambaza zahanati 11. Penta ilikuwa imeingia nchini 2009, bado tukiionea fahari. Siku ya nne nesi mmoja mtu mzima akanipigia: "Daktari, njoo uone, hii dawa kama tui lililokatika."

Nilipofika alishagandisha makusudi kichupa kingine cha toleo lile lile usiku kucha ili alinganishe, kimeyeyuka. Akavitikisa vyote viwili, akaviweka mezani. Vikatuama sawia: machicha chini, maji juu. Maana yake na changu kiliganda. VVM safi kabisa, inanicheka.

Zahanati nne zilishachoma watoto. Nilizunguka na rejista nyumba kwa nyumba kuomba tuwarudie. Mama mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo ile ya kwanza mlimchoma maji?" Miaka mitano ya udaktari, sikuwa na jibu. Mkufunzi alikuwa nalo: eti hatukumwelewa.

Aisipaki haiingii kwenye boksi mpaka uitikise sikioni usikie maji yanacheza ndani. Uitikise wewe. Si nesi, si dereva. Ofisini waliniita Dokta Kayamba, na bado natikisa.

Uliuliza na kingine, sijui masters, sijui posho. Kwanza niambie: friji la huko ni la sola au la gesi? Na kipimajoto chake kinasoma, au kimewekwa kwa ajili ya wakaguzi?