Kila tonge linakwama baada ya upasuaji

Pole sana, dada. Wiki 6 tangu upasuaji wa kupunguza uzito, na unasema karibu kila tonge linakwama kifuani kisha linarudi. Usijione umeshindwa, tumbo lako sasa ni dogo mno na bado linapona.

Anza na mwendo. Chukua kipande kidogo kama ukucha, kitafune mpaka kilainike kabisa, meza, kisha weka kijiko chini kabla ya kingine. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Kifua kikibana au mate yakijaa ghafla, acha hapo hapo, hata kama limebaki tonge moja. Hilo la mwisho ndilo hutapisha wengi! Maji usinywe pamoja na chakula. Subiri nusu saa. Nyama kavu ikikushinda, rudi kwenye vyakula laini vyenye protini, bila aibu.

Ila kutapika kila siku si jambo la kuvumilia. Huenda njia ya chakula imebanwa na kovu, na hilo hutibika. Pia vitamini B1 ikipungua, neva huumia. Mpigie daktari wako leo. Hata maji yasipokaa tumboni, nenda hospitali mara moja.