Mshtarii wa moto ana jirani?
Mdogo wangu umeuliza kama wale Mshtarii wa moto, yaani yale majitu ya gesi kama Mshtarii (Jupiter) yanayozunguka karibu kabisa na nyota zao, hua yana sayari nyingine jirani. Mengi hayana bwana, au tuseme zikitafutwa hazionekani, ila yapo machache yanayo na hayo ndo matamu. Chukua nyota ya WASP-47, lile jitu lake linamaliza mzunguko kwa siku 4 na kidogo, lilipatikana 2012 wakajua liko peke yake, kuja 2015 data za darubini ya Kepler zikaonyesha kadogo kengine kanazunguka ndani yake kwa masaa kama 19 tu na kingine nje yake siku 9!

Na jirani sio lazima umuone. Fikiria basi la Dar linaingia stendi ya Nanenane saa kumi kamili kila siku, halafu likaanza kuchelewa dakika kadhaa, kesho linawahi, keshokutwa linachelewa tena, si utajua kuna kitu njiani? Ndo hivyo hivyo, wanapima muda jitu linapopita mbele ya nyota yake, likiwahi na kuchelewa kwa mpangilio basi kuna sayari inalivuta.

Mi naona hapa ndo pa kuangalia sana, maana jitu likisogea ndani kutoka mbali kwa vurugu, kwa njia iliyorefuka kama yai, linatimua visayari vidogo vyote, sasa ukikuta jirani bado yupo ujue hilo lilikuja taratibu au lilizaliwa palepale.